Uzi Mwekundu Kwenye Mkono wa Kula

Mimi ni mtu wa kinyongo, na sioni sababu ya kuficha. Mtu akinitendea ubaya Jumanne, Jumanne ya mwaka unaofuata bado namkumbuka, pamoja na rangi ya shati alilovaa. Lakini haya si mambo yangu. Ni ya Nuru, mwalimu mwenzangu, ambaye kwa miaka ishirini na sita amefundisha darasa la kwanza hapa Kasongo, nami nikifundisha la pili upande wa pili wa ukuta. Ukuta wenyewe ni wa matofali na haufiki kwenye mabati. Kila alichosema nilikisikia, na kila nilichosema alikisikia.

Nuru ni mtoto wa Nyangwe. Baba yake alivua samaki, mama yake akawauza, na binti yao akaletwa Kasongo kwa mjomba ili asome. Alisoma ualimu, akaolewa na muuza vitenge, akazaa mtoto mmoja tu, Soraya. Kisha mume akafa kwa homa ya siku nne, na Nuru akarudi darasani siku ya arubaini na moja. Sasa anaishi kwa Soraya na mkwe wake Souleymane, mwenye duka pale sokoni, na mjukuu wake Malaika mwenye miaka sita. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kutosha watoto sitini na wanane, na akikasirika hasemi kitu. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Sikiliza alivyofundisha. Alikuja na beseni, kikombe cha bati na ndizi. "Ndizi iko wapi?" Watoto: "Iko ndani ya beseni!" "Na sasa?" "Iko chini ya beseni!" Halafu ndizi inawekwa chini, watoto wenyewe ndio wanaanza kuhama. Huyu anapanda juu ya benchi, yule anaingia chini yake, mwingine anasimama kati ya wenzake wawili, mbele ya mlango, nyuma ya mlango, kando ya dirisha. Waliopita barabarani walidhani ni michezo. Hata mimi, mwaka wetu wa kwanza, nilimuuliza hii ni hesabu gani isiyokuwa na nambari. Akachukua daftari la mwanafunzi wangu mmoja aliyeandika 21 mahali pa 12. "Albertine," akasema, "huyu kuhesabu anajua. Hajui nani anakaa upande gani." Tangu siku hiyo sikuuliza tena.

Kulia na kushoto alifundisha akiwapa watoto mgongo. Ukisimama uso kwa uso na mtoto mdogo, ukainua mkono wako wa kulia na kumwambia aige, atainua ule ulio upande mmoja na wako, yaani wake wa kushoto. Na wewe utafurahi, kwa sababu mikono yote itaonekana imeelekea upande mmoja. Nimewaona walimu wenye vyeti wakifurahi hivyo. Nuru aligeuka, akatazama ubao pamoja na watoto, akainua mkono wa kulia juu kabisa, akasema: "Mukono ya kulia, mukono ya kula!" Kisha akachungulia juu ya bega kuona nani amepotea. Mwanafunzi wa Nuru akipanda darasa langu, nilimwambia aandike tarehe kulia, na tarehe ilikuwa kulia.

Halafu akaja Direkta Bruno.

Huyu bwana aliletwa kuongoza shule yetu mwanzo wa mwaka wa masomo, na viatu vya ncha na kalamu tatu mfukoni. Wiki ya pili ya Oktoba alipita darasani mwa Nuru bila kubisha. Akamkuta amewapa watoto mgongo, mkono hewani. Niliacha kuandika ubaoni kwangu nisikilize.

"Madamu," akasema, "hapa kwetu mutu anayegeuzia wenzake mugongo anaitwaje?"

"Direkta, ninawaonyesha mukono ya kulia. Nikiwaangalia uso kwa uso watashika ya kushoto."

"Nimekuuliza anaitwaje."

"Imamu anatupatiaka mugongo kila siku," Nuru akajibu, taratibu. "Hakuna mutu alisema iko bila adabu."

"Imamu iko mbele ya Mungu. Wewe uko mbele ya ubao." Kisha akawageukia watoto. "Mutu wa kugeuzia wenzake mugongo anaitwa mutu bila adabu. Semeni!"

Watoto wa miaka sita, mkubwa akiwaambia waseme, watasema. Wakasema: "Mutu bila adabu!" Akawaambia warudie mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwa nguvu, ikavuka ukuta, na watoto wangu wakaanza kucheka. Malaika alikuwa benchi la pili. Naye alisema, huku akimtazama bibi yake.

Siku ile niliapa kwamba atalipa. Sitaficha hata hilo.

Ripoti iliandikwa: mwalimu anawageuzia wanafunzi mgongo, mwalimu hajui nidhamu ya darasa, kuanzia sasa kila mwalimu wa shule hii atafundisha uso kwa uso. Wiki iliyofuata tukaelewa ripoti ilitoka wapi, kwa sababu alishuka kwenye pikipiki kutoka Kindu dada mdogo wa mke wa direkta, jina lake Louise, na sanduku lake, na diploma yake ambayo wino ulikuwa haujakauka. Akapewa darasa la kwanza. Nuru akapewa kengele na funguo za choo. Ndiyo, funguo za choo, mwalimu wa miaka ishirini na sita. Aliwekewa kiti kando ya ile rimu ya lori tunayoigonga kama kengele, akakaa pale, mtandio wake umefungwa vizuri kama siku ya Idi.

Nilimwambia twende kwa Mzee Atumani, fundi cherehani, ambaye ni mkubwa wa komite ya wazazi na ana mjukuu darasani. Nuru akatikisa kichwa. "Tukienda sasa, ni maneno yangu na maneno ya direkta. Wazazi watasema walimu wanagombea darasa. Ngoja. Ninataka darasa langu, na ninataka alirudishe yeye mwenyewe, mbele ya watu." Macho yake nilipoyaona nikapoa. Nilidhani mimi ndiye mwenye kinyongo shuleni petu, kumbe nilikuwa wa pili.

Katikati ya Novemba, saa ya mapumziko, Louise akaja pale kwenye kengele. Nilikuwa nimekaa na Nuru, tunamenya karanga. Msichana alikuwa amechoka, sauti imemkauka.

"Mama Nuru, unisamehe. Watoto wanachanganya mikono. Huyu anainua hii, yule ile. Enspekta atakuja kukagua madarasa mbele ya Noeli, na shemeji amesema ataanzia kwangu. We ulikuwa unafanyaka namna gani?"

Nuru akamaliza karanga iliyokuwa mkononi. Akajifuta vidole.

"Fanya vile direkta aliandika, mwanangu. Simama mbele yao, uso kwa uso. Inua mukono yako ya kulia, uwaambie waige. Wasiposhika, rudia, mupaka mikono yote ielekee upande moja na yako. Halafu ufunge uzi mwekundu kwenye ile mukono waliinua. Uwaambie hii njo ya kulia, hii njo ya kulia chakula. Hawatasahau tena."

Nilifungua mdomo. Nuru akanikanyaga mguu, na kwa mtu mfupi ana kisigino kizito. Louise akamshika mikono yote miwili, akamshukuru, akaondoka mbio kutafuta uzi.

Tazama jinsi mtego ulivyokuwa safi. Nuru hakusema uongo hata neno moja kuhusu amri ya direkta. Alimpa Louise amri ile ile, neno kwa neno, na kipande cha uzi juu yake. Nilicheka mpaka karanga zikanimwagika. Siku tatu baadaye, juu ya ukuta, nikasikia watoto sitini na wanane wakiimba "Mukono ya kulia, mukono ya kula!" nikachungulia kwenye tundu la tofali. Mikono yote ya kushoto ilikuwa juu, uzi mwekundu umefungwa, na Louise mbele yao anatabasamu, mkono wake upande mmoja na wao. Direkta alisimama mlangoni, naye anatabasamu. Ningeweza kumwambia msichana yule neno moja tu. Sikumwambia.

Ijumaa Soraya akaniita kula wali. Mimi ni Mkristo, lakini sinia la nyumba ile nalijua zaidi ya la kwangu. Tulikaa kwenye mkeka, wali na samaki wa mto Lualaba katikati, Souleymane akasema bismillahi, na Malaika akapeleka mkono wenye uzi mwekundu.

Pa! Baba yake akamchapa vidole. Souleymane ni mtu mzuri, mpole dukani hata kwa mteja msumbufu, lakini penye sinia hana mchezo. "Ile ni mukono ya choo!"

"Madamu Louise alisema hii njo ya kula."

Pa! "Usimusingizie mwalimu wako."

Mtoto hakulia. Alimgeukia bibi yake, kwa maana bibi ni mwalimu na mambo ya mikono ni yake. "Bibi, sema."

Nuru akachambua mwiba kwenye samaki. "Sikiliza baba yako," akasema.

Malaika akala kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayefanya kosa. Jumamosi akasahau, akachapwa. Jumatatu akarudi shuleni, akaimba, akafungiwa uzi mpya, na jioni akachapwa tena. Mtu asiyefundisha darasa la kwanza hatanielewa: kwa mtoto wa miaka sita neno la mwalimu linapita la baba na mama. Wengi darasani walikuwa na mazoea ya kula tangu zamani na uzi haukuwabadilisha; waliimba hivi na kula vile. Wale watiifu, wale wanaompenda mwalimu kwa moyo wote, ndio walioshika. Malaika alikuwa mtiifu.

Jumanne nikamwendea Nuru kwenye kengele. "Umwambie mtoto walau pembeni," nikasema. "Anachapwa bure."

"Nikimwambia, kesho atamwambia Louise. Louise atajirekebisha, enspekta atakuja, na mimi nitakufa na funguo za choo." Akagonga rimu, watoto wakatoka mbio, Malaika akiwa kati yao, vidole vimevimba kidogo. "Siku chache tu, Albertine."

Nikakubali. Tena sikukubali kwa shingo upande. Nilikuwa nahesabu siku kama mtoto anayengoja Noeli.

Hazikuwa nyingi. Kwanza alikuja bibi mmoja wa kule njia ya Lusangi, kisha mama wawili, kisha wiki ya pili, Alhamisi asubuhi, wakaja zaidi ya ishirini, wengine na watoto mgongoni, na mbele yao Mzee Atumani na tepu yake ya kupimia shingoni. Makelele yalianzia barabarani.

"Mutoto wangu anakula na mukono ya choo!"

"Tunamupiga, anasema ni shule!"

"Nani anawafundisha watoto wetu ushenzi?"

Direkta Bruno akatoka na kalamu zake tatu. Akanyoosha mikono kuomba utulivu, akasema ni uzushi, akasema shule yake inafundisha kwa mpango, na kwamba atawaonyesha pale pale. Akamwita Louise awatoe watoto uwanjani. Wakapangwa kwa mistari, wazazi nyuma yao, na direkta akasimama mbele, uso kwa uso. Madarasa mengine yote yalikuwa madirishani. Nami nilikuwa nje, sikutaka dirisha.

"Watoto! Mukono ya kulia!"

Sitini na wanane juu, nyuzi nyekundu zote. Direkta akainua wake. Akatazama mikono yao, akatazama wake: upande mmoja. Uso ukamng'aa.

"Munaona, wazazi? Wote ni sawa na mimi!"

Kwa muda wazazi nao wakababaika, kwa sababu ilionekana kweli. Hapo Nuru akainuka kwenye kiti chake. Akatembea pole pole mpaka mbele ya umati, funguo za choo zikilia kiunoni.

"Direkta," akasema, kwa ile sauti ya watoto sitini na wanane, "usishushe mukono. Utugeuzie mugongo kidogo."

"Nini?"

"Ugeuke. Utupatie mugongo."

"Mi siwezi kugeuzia wazazi mugongo."

"Geuka, bwana," akasema Mzee Atumani. "Tumekuruhusu."

Akageuka. Mkono wake ukahamia upande wa pili wa uwanja, peke yake, na mikono yote ya watoto ikabaki upande huu. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mama mmoja akapiga kigelegele, na kicheko kikashika uwanja mzima, mpaka watoto wangu madirishani wakacheka bila kujua sababu. Direkta alibaki amesimama vile, mgongo kwetu, mkono juu, haoni nani anacheka. Hakuthubutu kugeuka. Nilitamani asigeuke mpaka Pasaka.

"Sasa," Nuru akamwambia huo mgongo, "waulize watoto: mutu wa kugeuzia wenzake mugongo anaitwaje?"

Hakuwauliza. Lakini wao walisikia swali, na jibu walikuwa wamefundishwa. Wakalisema kwa pamoja, kwa nguvu, bila kuambiwa warudie.

Utamu ule bado ninao mdomoni. Wengine watasema kisasi hakimpi mtu kitu. Hao hawakuwa uwanjani. Mzee Atumani alingoja kicheko kiishe, akamuuliza direkta mbele ya wote darasa la kwanza ni la nani, na direkta, akitazama ncha za viatu vyake, akasema ni la Madamu Nuru. Kabla ya saa sita ripoti ilikuwa imechanwa.

Louise akahamishiwa shule moja ya Wamaza, huko mbali kunakofikiwa kwa pikipiki na miguu. Jumamosi alikuja kutuaga na sanduku lake. Alimkumbatia Nuru. "Mama Nuru, hapa kote ni wewe tu ulinisaidia," akasema. "Ni mimi sikusikia vizuri vile ulinielezea." Nuru akamwambia aende salama. Mimi nilimhurumia siku ya pili yake, na si sana.

Jumatatu Nuru akaingia darasani mwake. Nilikuwa nimewapa watoto wangu kunakili ili nipate nafasi kwenye lile tundu la tofali, kwa sababu nilitaka kula ushindi wetu mpaka mwisho. Alipita benchi kwa benchi na mkasi, akikata nyuzi. Kisha akawapa mgongo, akainua mkono wa kulia, akasema maneno yake. Alipochungulia juu ya bega, mikono mingi ilikuwa sawa, michache imepotea, kazi ya siku mbili tatu. Ni mmoja tu ambaye hakuinua kitu. Malaika alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Nuru akaenda akachuchumaa mbele ya benchi la pili.

"Malaika. Ya kulia ni gani?"

Mtoto akamtazama kuona kama ni swali la shule au la nyumbani.

"Usiogope. Unionyeshe."

Malaika akatoa mikono, akaiweka juu ya benchi, akaikagua. Ule wa kushoto vidole vilikuwa bado na wekundu. Akausukuma mwingine mbele kidogo.

"Ni hii."

"Na unajuaje ni hii?"

"Ni ile baba hapigaka."

Nyuma ya ukuta nikaondoa jicho kwenye tundu. Nikamsikia Nuru akisema, "Sawa," kama anavyomwambia kila mtoto, kwa maana jibu lilikuwa sahihi.